Kidonge cha Sumu: Maana, Asili na Mipaka ya Kinga Dhidi ya Utwaaji wa Makampuni

Katika sheria na biashara ya makampuni, kidonge cha sumu ni mpango unaopitishwa na bodi ya wakurugenzi ili mtu yeyote anayekusanya hisa za kampuni kupita kiwango fulani bila ridhaa ya bodi hiyo apunguziwe ghafla uzito wa hisa zake, huku wanahisa wengine wote wakipewa haki ya kununua hisa mpya kwa bei ya chini. Nyaraka rasmi huuita mpango wa haki za wanahisa, ingawa kwa kawaida wanahisa hawapigi kura kuupitisha na haki wanazopewa zimetungwa kwa matumaini kwamba hazitatumika kamwe. Ulibuniwa New York mwaka 1982, ukahalalishwa na Mahakama ya Juu ya jimbo la Delaware mwaka 1985, na tangu hapo umekuwa kinga kuu ya makampuni ya Marekani dhidi ya utwaaji wa kimabavu, yaani jaribio la kuitwaa kampuni kwa kuwaendea wanahisa wake moja kwa moja baada ya bodi kukataa au bila kuishirikisha. Historia yake inaonyesha kwamba athari kubwa ya kidonge ilikuwa kuhamisha mamlaka: uamuzi wa kuuza, ambao awali ulikuwa mikononi mwa mwanahisa mmoja mmoja, uliwekwa mikononi mwa bodi, na kwa sababu hiyo manufaa au madhara yake hutegemea jinsi wakurugenzi wanavyoweza kuwajibishwa na wale wanaowawakilisha.

Mazingira yaliyokizaa

Miaka ya mwisho ya 1970 na mwanzo wa 1980 ilikuwa kipindi ambacho hisa za makampuni mengi ya Marekani ziliuzwa kwa bei iliyo chini ya thamani ya mali zao, hasa makampuni ya mafuta, ambayo akiba yake ya chini ya ardhi ilikuwa rahisi kununuliwa katika soko la hisa kuliko kutafutwa kwa kuchimba. Wakati huohuo benki ya Drexel Burnham Lambert, kupitia Michael Milken, ilipanua soko la hatifungani zenye riba kubwa na hatari kubwa ya kutolipwa, kiasi kwamba mfanyabiashara mwenye kampuni ndogo aliweza kukopa fedha za kutosha kuishambulia kampuni kubwa kuliko yake mara kadhaa. T. Boone Pickens wa Mesa Petroleum, Carl Icahn na Sir James Goldsmith ni miongoni mwa waliojulikana zaidi kwa mbinu hiyo.

Silaha iliyowatia hofu wakurugenzi kuliko zote ilikuwa ofa ya ngazi mbili, ambayo ndani yake mtwaaji hutangaza kwamba atanunua sehemu ya hisa zinazotosha kumpa udhibiti kwa bei nzuri ya fedha taslimu, na kwamba zitakazobaki atazichukua baadaye kwa njia ya muungano wa makampuni, akizilipia kwa karatasi zenye thamani ndogo. Mwanahisa anayeona kuwa bei ya ngazi ya kwanza haitoshi hujikuta akiuza vilevile, kwa kuwa akikataa na wenzake wakakubali, yeye ndiye atakayebaki kusubiri malipo ya ngazi ya pili. Mfano unaotajwa sana ni wa mwaka 1985, ambapo Mesa iliyokuwa na takriban asilimia 13 ya hisa za kampuni ya mafuta ya Unocal ilitoa dola 54 taslimu kwa kila hisa kwa ajili ya hisa milioni 64, idadi iliyotosha kuipa udhibiti, na kuwaahidi waliobaki hatifungani ambazo mahakama haikusita kuziita takataka.

Sheria ya shirikisho haikutoa kinga ya kutosha. Sheria ya Williams ya mwaka 1968 ilimlazimisha mtoa ofa kutangaza nia yake na kuwapa wanahisa muda wa kutafakari, lakini haikuipa bodi uwezo wa kuzuia, na juhudi za majimbo kuweka vizuizi vyao zilipata pigo mwaka 1982 Mahakama ya Juu ya Marekani ilipobatilisha sheria ya Illinois katika shauri la Edgar dhidi ya MITE. Kwa hiyo pengo hilo lilizibwa na mawakili kwa kutumia vifungu vya kawaida vya sheria ya makampuni ambavyo havikutungwa kwa kusudi hilo.

Mbunifu na jina

Mbunifu wa mpango huo ni Martin Lipton, mmoja wa waasisi wa ofisi ya mawakili ya Wachtell, Lipton, Rosen & Katz ya New York. Tayari mwaka 1979 alikuwa amechapisha makala iliyotetea haki ya wakurugenzi kukataa ofa wanayoiona haifai, akisisitiza kwamba bodi haipaswi kuangalia bei ya siku moja peke yake, bali pia mustakabali wa kampuni na watu wanaoitegemea. Miaka miwili baadaye Frank Easterbrook na Daniel Fischel walijenga hoja ya kinyume chake, kwamba wasimamizi wa kampuni inayotolewa ofa wanapaswa kukaa kando na kuwaachia wanahisa waamue, kwa sababu hofu ya kutwaliwa ndiyo inayowafanya mameneja wasizembee. Kidonge cha sumu kilizaliwa katikati ya mabishano hayo, na kimebaki humo.

Matumizi ya kwanza yalitokea mwishoni mwa 1982, kampuni ya gesi ya El Paso ilipokuwa ikijihami dhidi ya kampuni ya reli ya Burlington Northern. Mwaka uliofuata kampuni ya Lenox, mtengenezaji mashuhuri wa vyombo vya kauri, ilitumia mpango wa aina hiyo dhidi ya Brown-Forman, kampuni ya vileo ya Kentucky. Wanahisa wa Lenox walipewa gawio la hisa maalumu ambazo, iwapo muungano ungefanyika, zingeweza kubadilishwa kuwa hisa za mtwaaji mwenyewe. Ubunifu huo ulilenga mahali panapouma, kwani Brown-Forman ilikuwa chini ya udhibiti wa familia moja, na kuimeza Lenox kungeifanya familia hiyo igawane udhibiti na wageni. Brown-Forman ilifanikiwa kuinunua Lenox, lakini kwa makubaliano na bodi na kwa bei iliyopanda kutoka dola 87 hadi 90 kwa hisa.

Jina lenyewe halikutoka kwa Lipton, ambaye aliuita mpango wake gawio la haki za kununua hisa. Kwa kawaida linahusishwa na Martin Siegel, mtaalamu wa benki ya uwekezaji ya Kidder, Peabody, aliyelitumia mwaka 1983, na limetokana na masimulizi ya majasusi wanaobeba kidonge cha sayanaidi ili wakikamatwa wakimeze wasije wakatoa siri. Lilikaa vizuri katika msamiati wa zama hizo, uliojaa lugha ya vita na hadithi: mnunuzi rafiki anayeitwa kuiokoa kampuni aliitwa shujaa mweupe, malipo makubwa ya mameneja wanaoondolewa yakaitwa parachuti ya dhahabu, na vifungu vya katiba ya kampuni vinavyomzuia mtwaaji vikaitwa dawa ya kufukuzia papa. Hata hivyo katika kidonge cha Lipton anayedhurika ni mnunuzi, wala kampuni inayojihami haijiui, na tofauti hiyo ndiyo iliyowezesha mpango huo kukubalika mbele ya majaji.

Jinsi kinavyofanya kazi

Mpango wa kawaida huanza kwa bodi kutangaza gawio la haki moja kwa kila hisa. Haki hizo hazitenganishwi na hisa, haziuzwi peke yake, na bodi inaweza kuzifuta wakati wowote kwa malipo ya senti moja au chini ya hapo. Hulala bila athari hadi mtu mmoja, au kundi linalotenda kwa pamoja, linapofikisha kiwango kilichowekwa, ambacho aghalabu huwa kati ya asilimia 10 na 20. Kiwango hicho kikivukwa bila idhini ya bodi, kila mwanahisa isipokuwa aliyekivuka hupata ruhusa ya kununua hisa mpya kwa takriban nusu ya bei ya soko.

Hesabu ndogo ya kubuni inaonyesha ukali wake. Tuseme kampuni ina hisa milioni 100 zenye bei ya dola 10 kila moja, na mtwaaji amenunua hisa milioni 20. Wenye hisa milioni 80 zilizobaki wakinunua kila mmoja hisa moja ya ziada kwa dola 5 kwa kila aliyonayo, kampuni itapokea dola milioni 400 na jumla ya hisa itafika milioni 180. Sehemu ya mtwaaji itashuka kutoka asilimia 20 hadi karibu 11, na kwa kuwa kila hisa sasa itakuwa na thamani ya takriban dola 7.78, mali yake ya dola milioni 200 itabaki kama dola milioni 156. Dola zaidi ya milioni 44 alizopoteza hazikuteketea, kwa maana zimehamia kwa wanahisa wengine.

Kwa sababu matokeo yanajulikana mapema, ni nadra sana kwa mtu kukimeza kidonge kwa makusudi. Mfano wa pekee unaofundisha ni wa kampuni ya programu ya Selectica, ambayo kidonge chake kilikuwa na kiwango cha asilimia 4.99 kwa ajili ya kulinda nafuu ya kodi inayotokana na hasara za miaka iliyopita, na ambayo mwaka 2008 ilishuhudia mshindani wake Versata akivuka kiwango hicho hadi asilimia 6.7 huku akijua analofanya. Bodi iliachia mpango ufanye kazi, sehemu ya Versata ikashuka hadi takriban nusu, na mahakama za Delaware zikaunga mkono bodi mwaka 2010.

Mahakama na uhalali

Umuhimu wa Delaware katika historia hii unatokana na ukweli kwamba zaidi ya nusu ya makampuni makubwa ya Marekani yanayouza hisa kwa umma yamesajiliwa huko, bila kujali makao yao yako wapi, kwa hiyo mahakama za jimbo hilo dogo ndizo zinazoamua mipaka ya mamlaka ya bodi kwa nchi nzima. Shauri la msingi ni la Moran dhidi ya Household International. Bodi ya Household ilipitisha kidonge tarehe 14 Agosti 1984 kwa kura 14 dhidi ya 2, na John Moran, mkurugenzi aliyekuwa miongoni mwa waliopinga na ambaye kampuni yake ilikuwa mwanahisa mkubwa kuliko wote, alikwenda mahakamani. Tume ya Dhamana na Masoko ya Hisa ya serikali ya shirikisho iliungana na wapingaji, ikieleza kwamba mpango huo unawanyang'anya wanahisa haki ya kupokea ofa. Mwezi Novemba 1985 Mahakama ya Juu ya Delaware iliamua kwamba bodi ina uwezo wa kuutoa, lakini ikaweka sharti kwamba ofa mahususi ikija, wakurugenzi watapaswa kupima upya kama wanastahili kuendelea kuukumbatia au kuufuta.

Kipimo cha kutumia kilikuwa kimeshatolewa miezi michache kabla, katika shauri la Unocal la Juni 1985: bodi inapaswa kuonyesha kwamba ilikuwa na sababu za msingi za kuamini kuwa kuna tishio kwa kampuni, na kwamba hatua iliyochukua inalingana na tishio hilo. Katika shauri la Revlon, ambamo Ron Perelman alikuwa akiiwinda kampuni hiyo ya vipodozi, mahakama iliongeza kwamba kuvunjwa au kuuzwa kwa kampuni kukishakuwa hakuepukiki, wakurugenzi wanaacha kuwa walinzi wa ngome na kuwa madalali wenye wajibu wa kutafuta bei ya juu kabisa kwa wanahisa.

Mwaka huohuo ulifichua pia udhaifu wa vidonge vya mwanzo. Vile vya kizazi cha kwanza vilifanya kazi pale tu mtwaaji alipounganisha kampuni mbili, kwa kuwapa wanahisa haki ya kununua hisa za mtwaaji kwa bei ya chini. Goldsmith alipoishambulia kampuni ya karatasi ya Crown Zellerbach alinunua zaidi ya nusu ya hisa zake, akashika usukani, na hakufanya muungano wowote, hivyo kidonge kikabaki bila kazi. Mawakili walijibu kwa kuongeza haki ya kununua hisa za kampuni inayojihami yenyewe, inayoanza kutumika mara kiwango kinapovukwa, na huo ndio muundo unaotumika hadi leo.

Mipaka na majaribio yake

Baada ya kuhalalishwa, swali lilibadilika kutoka kama bodi inaweza kuwa na kidonge hadi kama inaweza kukataa kukifuta milele. Kwa kuwa bodi pekee ndiyo yenye ufunguo, njia iliyobaki kwa mtwaaji ni kuwashawishi wanahisa waibadilishe bodi kwa kura. Baadhi ya makampuni yalijaribu kuiziba njia hiyo kwa vidonge ambavyo vingeweza kufutwa na wakurugenzi waliokuwepo tu, si na watakaochaguliwa baada yao. Mahakama za Delaware zilivikataa mwaka 1998 katika mashauri ya Toll Brothers na Quickturn, kwa msimamo kwamba bodi iliyochaguliwa kihalali haiwezi kupokonywa mamlaka na ile iliyotangulia.

Jaribio kubwa zaidi lilikuja na shauri la Airgas. Kampuni ya Air Products ilitoa ofa mwaka 2010, ikaipandisha hadi dola 70 kwa hisa, na kutangaza kwamba hiyo ndiyo ya mwisho, wakati bodi ya Airgas ikishikilia kwamba thamani halisi haipungui dola 78. Airgas ilikuwa na bodi ambayo sehemu moja tu ya wajumbe wake huchaguliwa kila mwaka, hivyo Air Products ilifaulu kuingiza watu watatu katika uchaguzi wa Septemba, ambao walipokwisha kuona hesabu za ndani waliungana na wenzao kuikataa ofa. Tarehe 15 Februari 2011 Chansela William Chandler, bila kuficha shaka zake, aliamua kwamba sheria iliyopo inairuhusu bodi inayotenda kwa nia njema kuendelea na kidonge hata baada ya wanahisa kuwa na muda wa kutosha wa kuipima ofa. Air Products ikaondoka. Mwaka 2015 kampuni ya Air Liquide ya Ufaransa ilikubaliana kuinunua Airgas kwa dola 143 kwa hisa, jambo linalotajwa na watetezi wa kidonge kama ushahidi, ingawa wapinzani hukumbusha kwamba soko zima lilikuwa limepanda katika miaka hiyo na kwamba mwanahisa aliyetaka dola 70 zake mapema hakuulizwa.

Upande wa pili wa mpaka ulichorwa na shauri la kampuni ya mabomba ya gesi ya Williams. Mwezi Machi 2020, bei za hisa zilipoporomoka kwa sababu ya janga la korona, bodi yake iliweka kidonge chenye kiwango cha asilimia 5 na tafsiri pana mno ya watu wanaotenda kwa pamoja, bila kuwapo kwa mtwaaji yeyote aliyejulikana. Jaji Kathaleen McCormick alikibatilisha mwaka 2021, na Mahakama ya Juu ya Delaware ikaafiki, kwa kuwa hofu ya jumla kwamba wanahisa wangeweza kuanza harakati haikuwa tishio la kutosha kuhalalisha hatua kali kiasi hicho. Uamuzi huo una uzito wa pekee kwa sababu siku hizi vidonge vingi havielekezwi kwa wanunuzi wa kampuni nzima, bali kwa wawekezaji wanaonunua sehemu ndogo ili kushinikiza mabadiliko ya uongozi, kama Netflix ilivyofanya mwaka 2012 Icahn alipokaribia asilimia 10.

Anayenufaika ni nani

Watetezi husema kwamba kidonge huipa bodi nguvu ya kujadiliana kwa niaba ya wanahisa wote, ambao wakiachwa kila mtu peke yake hushinikizwa na kugawanywa. Mfano wao ni PeopleSoft, ambayo Oracle ilianza kuiwinda mwaka 2003 kwa dola 16 kwa hisa na kuipata mwishoni mwa 2004 kwa dola 26.50. Wakosoaji, akiwamo Profesa Lucian Bebchuk wa Harvard, hujibu kwamba nguvu hiyohiyo inaweza kutumika kulinda vyeo, hasa inapounganishwa na bodi ambayo haiwezi kubadilishwa yote kwa mwaka mmoja.

Ushahidi wa kwamba maslahi ya bodi na ya wanahisa yanaweza kuachana ulikuwapo tangu siku ya kwanza. Katika mapambano ya El Paso, Burlington Northern iliifuta ofa yake ya Desemba 1982 na kuweka nyingine Januari 1983 kwa makubaliano na bodi. Makubaliano hayo yaliitambua mikataba ya malipo ya mameneja, lakini yalipunguza idadi ya hisa zilizonunuliwa kutoka kwa wanahisa, hivyo waliokuwa wamekubali ofa ya kwanza waliuza pungufu ya walivyotarajia. Mmoja wao alishtaki, na Mahakama ya Juu ya Marekani ikamkatalia mwaka 1985 kwa kuwa hakukuwa na udanganyifu wa taarifa.

Twitter ilionyesha sura nyingine mwezi Aprili 2022. Elon Musk, aliyekuwa na zaidi kidogo ya asilimia 9, alitoa ofa ya dola 54.20 kwa hisa tarehe 14. Bodi iliweka kidonge cha asilimia 15 siku iliyofuata. Na tarehe 25 ikakubali kuuza kwa bei ileile ya dola 54.20. Kidonge hakikuongeza hata senti, lakini kilimzuia Musk kuufikia udhibiti polepole sokoni bila kuwalipa wanahisa wote, na kiliipa bodi siku za kupima kama kuna mnunuzi mwingine na kama fedha za ofa zipo kweli.

Nje ya Marekani

Nchi nyingine zimeligawa jukumu hilo kwa namna tofauti. Uingereza, kupitia Kanuni za Utwaaji zilizoanzishwa mwaka 1968, inaikataza bodi kuchukua hatua ya kuizuia ofa iliyopo au inayotarajiwa bila idhini ya wanahisa, kwa hiyo kidonge cha Kimarekani hakina nafasi huko, na mwanahisa hulindwa dhidi ya ofa za ngazi mbili kwa kumlazimisha mwenye asilimia 30 ya kura kutoa ofa kwa wote. Japani ilipita katikati: mwaka 2007 kampuni ya Bull-Dog Sauce ilipojihami dhidi ya mfuko wa Steel Partners iliomba kwanza kura ya wanahisa, ikapata zaidi ya asilimia 80, na kumlipa mtwaaji fedha taslimu badala ya haki alizonyimwa, na Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ikabariki.

Katika masoko ya hisa ya Nairobi na Dar es Salaam istilahi hii husikika kwa nadra, kwa sababu makampuni mengi yaliyoorodheshwa yana mwanahisa mmoja mkubwa, iwe serikali, familia au kampuni mama ya kigeni, na kampuni ya namna hiyo haiwezi kunyakuliwa bila ridhaa yake. Palipotokea ushindani wa wazi, kama ule wa mwaka 2013 na 2014 kati ya Centum na REA Trading juu ya mashamba ya mkonge ya Rea Vipingo, kilichopandisha bei kilikuwa ofa pinzani, wala si kinga ya bodi.

Hitimisho

Tishio lililokizaa kidonge, yaani ofa ya ngazi mbili inayowashurutisha wanahisa kuuza kwa hofu, limekaribia kutoweka, ilhali kidonge kimebaki, na sasa kinatumika dhidi ya ofa kamili za fedha taslimu na dhidi ya wawekezaji wasiotaka kununua kampuni kabisa. Mabadiliko hayo yanadai uangalizi mkali kuliko ule wa mwaka 1985. Kidonge chenye muda maalumu, kiwango cha wastani na sababu inayoelezeka, kilicho mikononi mwa bodi inayoweza kuondolewa kwa kura katika mkutano mkuu ujao, ni chombo halali cha kupata muda na bei. Kikikosa masharti hayo kinawakinga wakurugenzi dhidi ya wenye mali, na mahakama hazina sababu ya kukivumilia.